Root Cause: filamu iliyotutisha na meno yetu

Filamu ya Root Cause ilitoka 2018, na Februari 2019 Netflix wakaiondoa baada ya wataalamu wa meno kulalamika. Nimeitazama yote na nakiri inashika. Frazer Bailey wa Australia anasimulia alivyougua miaka mingi, madaktari hawaoni kitu, mwisho akalilaumu jino lake lililotibiwa mzizi. Utamhurumia tu.

Tena kuna mahali anasema kweli. Kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu, kikifa, daktari hukitoa kwa visindano vyembamba, anasafisha mifereji ya mzizi kwa dawa (ni kemikali ileile iliyomo kwenye jiki!), halafu anajaza gataperka, utomvu wa mti unaofanana na mpira. Kuta za mfereji zina vijitundu vidogo mno, na si kila bakteria anatoka. Sawa.

Ila kutoka hapo hadi saratani ni mbali. Filamu inadai asilimia 98 ya wanawake wenye saratani ya matiti wana jino lililotibiwa hivyo, upande uleule wa saratani. Haya, na wasio na saratani, wangapi wana jino kama hilo? Haulizi mtu. Bila kundi la kulinganisha, kwa hesabu hiyo hata mswaki una hatia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Weston Price, daktari wa meno wa Marekani, alipandikiza meno yaliyotibiwa chini ya ngozi za sungura, nao wakaugua. Lakini kumtia mnyama mdogo jino lenye vijidudu si sawa na jino lililozibwa likakaa taya lake. Watafiti waliofuata, kwa usafi na udhibiti bora, hawakuyapata matokeo yake.

Kinachoniudhi zaidi ni upande wa pili wa mizani. Jino lililokufa likiachwa, usaha unaweza kushuka shingoni, uvimbe ukabana njia ya hewa. Na kwetu wengi tayari wanang'oa kwa sababu ya bei. Wakiongezewa na hofu ya saratani, hata mwenye uwezo wa kuliokoa atang'oa.

Ukitaka cha kumbana nacho daktari, muulize lini atalivika taji. Jino la nyuma lililotibiwa likabaki bila kufunikwa hupasuka kirahisi.