Chakula na Hekima ya Bhrigu

Msomaji, yako mafundisho ya kale ya Bara Hindi yaitwayo Advaita, yaani “bila ya pili”. Yasema kuwa nafsi ya mtu na Brahman, asili ya vyote, ni kitu kimoja. Katika Vivekachudamani, utungo ambao mapokeo humpa Shankara, mwili walaumiwa vikali: ngozi, nyama, damu, mifupa na uchafu. Nia ni njema, mtu asijidhani kuwa mwili tu. Lakini lawama yapita kiasi. Ikiwa hakuna cha pili, ki wapi hicho cha kudharauliwa?

Utungo wa kale zaidi, Taittiriya Upanishad, nauona una busara kubwa zaidi. Kijana Bhrigu amwomba baba yake, Varuna, amfundishe Brahman. Baba hampi jawabu kamili. Amwambia atafute mwenyewe kwa tafakuri. Bhrigu atambua kwanza kuwa Brahman ni chakula. Kisha pumzi, kisha akili, kisha maarifa, na mwisho furaha. Mtunzi mwingine angekoma hapo kileleni. Huyu arudi chini: akataza kudharau chakula, aagiza kiongezwe kiwe kingi, na mgeni asinyimwe makao. Mwisho mjuzi aimba kuwa yeye ni chakula na mla chakula. Katika kurudi huko ndiko ulipo uzuri wa utungo.

Nawe upandaye ngazi ya elimu, jipime hapa. Elimu ikufanyayo uone haya jembe la baba na jiko la mama bado haijafika juu.