Mkoba wa Bi Prism na Mikoba ya Nyumbani Kwangu

Mwaka 1973, nikiwa chuo cha ualimu, tulisoma tamthilia ya Oscar Wilde iitwayo The Importance of Being Earnest, iliyooneshwa jukwaani London kwa mara ya kwanza mwaka 1895. Yaya mmoja, Bi Prism, kwa kuzubaa kwake aliulaza mswada wa riwaya yake katika kigari cha mtoto, na mtoto mwenyewe akamtia mkobani. Mkoba akauacha stesheni ya Victoria. Mtoto alilelewa na aliyemwokota, na siku alipokwenda kuposa na kueleza asili yake, mama wa binti alipigwa na bumbuwazi kusikia neno mkoba. Hapo watu huangua kicheko. Mkufunzi wetu alitufundisha kwamba ni dhihaka kwa mabwanyenye wapimao mtu kwa ukoo.

Sibishi. Lakini nimeishi na mke mmoja tangu 1976, naye amepitia mikoba isiyopungua kumi na mmoja, na sasa naona kuwa mkufunzi yule, pamoja nami niliyeyarudia maneno yake darasani miaka mingi, tuliiruka sehemu bora ya mchezo. Ipo mwishoni. Bi Prism anapooneshwa tena mkoba ule, baada ya miaka 28, anautambua kwa majeraha yake: alama ya ajali ya basi, doa la kinywaji kilichopasukia ndani, na herufi za jina lake kwenye kufuli. Wilde, mcheshi yule, aliujua mkoba kuliko sisi wahakiki wake. Kosa lake ni kumfanya mwenye mkoba kuwa mjinga.

Nilipomsimulia mke wangu kisa hicho alifikiri kidogo, akasema: “Mwalimu, huo haukuwa mkoba. Ungekuwa mkoba, mtoto angekosa pa kukaa.”

Uhakiki huo sijausoma kwa msomi yeyote. Na kweli, katika mkoba wake mweusi wa kwanza, wa ngozi bandia, alionunua Shinyanga mjini, hata kidole kilipenya kwa shida. Mlikuwa na kanga iliyokunjwa, funguo za milango tuliyokwisha kuhama, sindano na uzi, dawa ya kichwa, na karanga za safari. Mimi niliuita ghala la pamba, maana kila msimu ulijaa na hesabu hazikuonekana. Wageni walicheka. Yeye pia alicheka, huku akiuvuta karibu na goti. Lile begi kubwa la miraba, shangazi kaja, hakukubali kamwe lihesabiwe kuwa mkoba; alisema ule ni mzigo. Na Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, zilitoka katika mkoba wake wa wakati huo rambo kumi na saba, zimekunjwa pembetatu kama sambusa.

Nirudi kwenye ule mweusi. Mwaka 1991 habari za dhahabu zilikuwa zimetupanda kichwani, Geita hadi Kahama. Nami, mwalimu mkuu mzima, nilichangia duara, yaani shimo la wachimbaji, kwa mshahara na akiba yangu yote. Sikumwambia. Duara lilitoa maji. Januari ikafika, na binti yetu amechaguliwa kidato cha kwanza: ada, godoro, ndoo, sare. Usiku mmoja mke wangu aliuweka mkoba mezani, akamwaga vitu vyote, akachukua wembe.

“Baba, shika koroboi,” alisema.

Akafumua bitana. Noti zilikuwa zimepangwa chini yake, zinanuka karanga. Hakuniuliza mshahara wangu uko wapi. Alizihesabu mara mbili, kisha akashona upya, na kwa kuwa uzi mweusi ulikuwa umekwisha, alishona kwa uzi wa kijani. Mkono wangu ulitetemeka hata akaniambia nisogeze moto usimchome. Sikuuita tena ghala.

Binti huyo baadaye alipata kazi ya ofisini mgodini Geita. Mwaka 2012, mwaka Geita ilipofanywa mkoa, alimletea mama yake mkoba wa ngozi halisi. Kama mhakiki nitasema haki: zipu yake hupita bila kukwama, na mshikio umeshonwa kwa mkono wa fundi ajuaye kazi. Lakini bitana yake imegandishwa kwa gundi. Mke wangu aliipapasa pande zote, akamshukuru mtoto kwa dhati, akaenda nao kanisani Jumapili moja. Tangu hapo umekaa juu ya kabati.

Juzi nilikuwa natafuta miwani yangu. Alinijibu toka jikoni: “Fungua ule wa Geita, ndani utaukuta mweusi. Miwani imo. Lakini Baba, uzi wa kijani usiuguse.”