Utulivu Ndani ya Kasi

Singeli inayokwenda mapigo 240 kwa dakika humwachia prodyuza robo sekunde tu kati ya pigo na pigo. Ndani ya muda huo ngoma nzito ilie na kunyamaza, kinanda kidokoe, kofi lijibu, na bado MC apate upenyo wa kupitisha maneno yake. Sauti moja ikivuta mkia, inaikanyaga inayofuata, na wimbo mzima unageuka kelele. Anayeiita singeli fujo ya vijana wenye haraka aisikilize upya, taratibu, kwa spika nzuri. Katika mwendo huo fujo haifiki mbali. Kinachofika ni kazi ya mtu aliyekaa kitako, akakata, akasikiliza, akakata tena.

Miongoni mwa mafundi wa kazi hiyo namheshimu sana Sisso, mwenye Sisso Studios ya Dar es Salaam. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, na kwa wasikilizaji wengi wa nje ya Tanzania huo ndio uliokuwa mlango wa kuingilia singeli. Mwaka 2019 ikaja albamu yake, Mateso. Mwaka 2024 akatoa Singeli Ya Maajabu pamoja na mpiga kinanda Maiko. Muziki uliopikwa kwa ajili ya harusi na vigodoro vya uswahilini ukapanda majukwaa ya Ulaya na kasi yake ileile, bila kulainishwa ili wageni waumeze.

Kasi hiyo haikuzaliwa kwenye kompyuta. Ukitoka Bagamoyo ukashika barabara ya Kerege, Mapinga na Bunju mpaka ndani ya Dar es Salaam, njia nzima unapita katika nchi ya ngoma. Wazaramo wa pwani hii wana mdundiko, ngoma ya kutembea, inayowakokota watu mtaa kwa mtaa nyuma ya wapigaji. Vijana wa mjini wakaja na mchiriku: ngoma za mkono, kinanda kidogo cha Casio kilichopitishwa kwenye spika mpaka kikakwaruza, na mwimbaji anayesimulia shida za mtaani. Jagwa Music ya Mwananyamala iliutangaza muziki huo nje kwa albamu ya Bongo Hotheads, mwaka 2012. Singeli ilipochomoza katika vitongoji kama Manzese na Tandale, ma-DJ walikuwa wakichukua kipande cha ala za taarabu, wakikizungusha na kukiongezea mwendo, huku MC akichana juu yake. Ala ikikimbizwa hivyo, sauti nayo hupanda, ikawa nyembamba na yenye makali. Makali hayo yakawa ladha ya singeli, na hata leo prodyuza akianza mdundo wake mwenyewe bila kuazima taarabu, huyatafuta.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Tatizo la kwanza la mwendo huo ni besi. Noti ya chini yenye mitetemo 50 kwa sekunde hupata mitetemo kama 12 tu kabla pigo linalofuata halijafika. Ukiiacha ivume kama inavyovuma kwenye bongofleva, itafunika kila kitu. Kwa hiyo uzito wa mdundo unahamishwa kutoka chini kwenda katikati na juu, kwenye makofi, vinanda vikali, ving'ora na vipande vya sauti za watu vilivyokatwa vifupi kuliko neno. Tatizo la pili ni mkia wa kila sauti. Ngoma iliyorekodiwa kawaida huendelea kulia baada ya kupigwa, na katika nyimbo za mwendo wa wastani mlio huo hujaza nafasi kwa uzuri. Hapa mkia lazima ukatwe, na ukatwe mahali panapostahili: ukizidisha, ngoma inakuwa kijiti, ukipunguza, inamwagikia jirani. Sikio ndilo linaloamua, na sikio la namna hiyo halinunuliwi pamoja na programu.

Tatizo la tatu ni mwili wa mchezaji, na hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wa singeli. Hakuna kiuno kinachoweza kufuata mapigo 240 usiku kucha. Lakini ukitega sikio vizuri, ndani ya mapigo hayo unaweza kushika moja na kuruka moja, nawe ukajikuta unakwenda 120 kwa dakika, mwendo ambao nyonga inaumudu mpaka alfajiri. Mwendo huo uko jirani kabisa na ule ambao Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson waliujengea tekno huko Detroit, Marekani, katika miaka ya 1980. Hivyo prodyuza wa singeli hutengeneza miendo miwili kwa mpigo: mmoja wa kukimbiza damu, mwingine wa kubebea miguu. MC anaweza kupanda wowote kati ya hiyo, au kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine katikati ya ubeti. Wapiga mdundiko wanalijua jambo hili tangu zamani. Mikono yao inakimbia, msafara unatembea.

Jukwaani ufundi huo unaonekana kwa macho. Sisso hugonga vitufe vya kompyuta kwa vidole, kila kitufe kikiwa na kipande chake cha sauti, huku Maiko akijibu kwa kinanda. Sisso akishika kipande kimoja na kukirudiarudia, Maiko hupata uwanja wa kuzunguka. Maiko akitulia, vitufe vinashambulia. Hayo ni mazungumzo ya wapigaji wawili wanaosikilizana, na kompyuta imepewa kazi ya ngoma.

Hapa Bagamoyo tunapaswa kuwa wa kwanza kuutambua ufundi wa aina hii. Mji wetu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, sasa TaSUBa, na ndipo alipofanya maskani marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa ilimba na zeze, aliyefariki mwaka 2003. Ilimba zake kubwa zilikuwa na vyuma vingi, na baadhi ya vyuma hivyo vidole havikuvigusa. Kazi yake ilikuwa kuvuma vyenyewe pale jirani yake alipopigwa. Mwaka 2002 Hukwe alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada, ilimba na zeze zikakutana na mitambo ya studio, na ule mvumo haukupotea.

Hukwe alitunza mvumo unaobaki baada ya pigo. Sisso huufyeka. Kwa nje wanaonekana wapinzani, lakini wote wawili wanashughulikia jambo lilelile ambalo mpigaji wa kawaida huliachia bahati: nini kinatokea kwa sauti baada ya kidole kuondoka. Huo ndio umakini wa fundi, ukae kwenye ubao wenye vyuma au kwenye kompyuta yenye vitufe vilivyofutika herufi.

Umakini huo unafundishika, na njia ya Sisso inalithibitisha hilo. Studio yake imewalea watu wasiofanana. Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018, Jay Mitta akatoa Tatizo Pesa mwaka 2019, na kila mmoja ana mkono wake, hata msikilizaji aliyezoea hawezi kuwachanganya. Ningependa mwanafunzi wa ngoma wa TaSUBa apelekwe kwa Sisso akae pembeni ya kompyuta, na prodyuza wa singeli aje Bagamoyo akae karibu na ilimba. Wa kwanza atajifunza kukata, wa pili atajifunza kuacha kitu kivume. Kutoka kwao tutapata muziki wa pwani hii ambao bado hatujausikia, nao watautengeneza wakiwa na masikio mawili ya shule mbili.