Nondo Iliyowekwa na Nondo Iliyobaki

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati na kuua watu wawili. Jumba hilo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 limechanganya mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, zege na mihimili ya chuma. Chanzo cha ajali si mada yangu leo. Ninachouliza ni hiki: chuma cha kale kilichofichwa na lipu hupimwaje?

Mji Mkongwe una nyumba nyingi zilizong'olewa boriti na kumwagiwa slabu ya zege. Kazi huanza kwa kifaa cha sumaku kinachopitishwa juu ya dari: huonyesha nondo zilipo, zimeachana kiasi gani na zege linalozifunika lina unene gani. Hakisemi neno juu ya nguvu. Basi fundi hubomoa kidogo, nondo ionekane. Ikiwa ya mviringo na laini, huenda ni chuma laini, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuanza kurefuka bila kurudi kwenye newtoni 250 hivi kwa kila milimita ya mraba. Yenye mikunjo huweza kufika 460, lakini mikunjo pekee si cheti. Na jengo la Kikwajuni lililojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki halisomwi kwa jedwali la Uingereza la enzi za ukoloni.

Hapo ndipo wengi hukosea: wanashughulikia aina ya chuma, wanasahau kiasi kilicholiwa. Chukua nondo ya milimita 12 ya chuma laini. Ikiwa nzima hubeba karibu tani 2.9. Kutu ikila milimita moja kila upande, ikabaki 10, inabeba tani 2 tu. Karibu theluthi imekwenda, na jicho limeona upungufu mdogo. Tena upepo wa chumvi hauli sawasawa. Huchimba vishimo, na nondo hukatikia penye kishimo kirefu kuliko vyote. Kwa hiyo isuguliwe kwa brashi ya waya, kisha ipimwe pale ilipokonda zaidi.

Kipimo cha umeme cha elektrodi ya shaba nacho husomwa vibaya. Kikishuka chini ya milivolti -350, uwezekano kwamba kutu inaendelea ni mkubwa sana. Hakikuambii imekula kiasi gani.

Jibu la nguvu hutoka kwenye mashine ya kuvuta. Hukatwa kipande cha nondo cha karibu nusu mita, kamwe si katikati ya slabu inakolemewa zaidi, na dari hutegemezwa kwanza. Pengo huzibwa kwa nondo mpya iliyopishanishwa na ya zamani. Kuchomelea kusubiri maabara ipime kaboni, maana chuma chenye kaboni nyingi huweza kupasuka kwenye kiungio baada ya kupoa.