Voyager na Wale Walioachwa Nyuma

Makala haya yanakusudia kurejea tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, Star Trek: Voyager, iliyoonyeshwa kwa misimu 7 kuanzia 1995 hadi 2001, na ambayo mpaka leo watazamaji wake hawajapatana. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Chombo cha anga kinatupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000, na nahodha wake, Kathryn Janeway, anaapa kuwarudisha watu wake nyumbani.

Wanaoiponda wanalalamikia muundo. Wiki hii chombo kinapigwa hadi kinatoboka, wiki ijayo kinang'aa kama kimetoka gereji. Eti wamepotea! Wanaoitetea wanamtaja Janeway, mwanamke wa kwanza kuwa nahodha na mhusika mkuu wa tamthilia ya Star Trek, na Seven of Nine aliyeingia msimu wa 4. Kila upande una ukweli wake, lakini kwa maoni yangu mabishano yote yanafanyika ndani ya chombo. Hebu tushuke kidogo.

Katika sehemu ya kwanza, "Caretaker", upo mtambo angani ambao ungeweza kuwarudisha. Mwenye mtambo huo alikuwa akiwapelekea nishati Waocampa, wanaoishi chini ya ardhi ya sayari iliyokauka. Anakufa, na Wakazon wanautaka mtambo. Janeway anaulipua ili wasiupate, naye anasifiwa kwa kujitoa mhanga. Sawa. Lakini sehemu hiyohiyo inatuambia kwamba Waocampa wamebakiziwa akiba ya nishati ya miaka 5 hivi. Tamthilia ikaendelea miaka 7. Yaani sisi tukihesabu umbali uliobaki kufika Duniani, akiba ya wale watu ilikuwa inakwisha huko nyuma, na hakuna sehemu hata moja iliyorudi kwenye sayari yao kututazamisha wanaishije.

Pengine haya ni macho ya mtu wa Robanda. Kijiji chetu ni jirani na geti la Ikoma la Hifadhi ya Serengeti, na magari ya watalii yanapita kwenda kuwaona nyumbu. Ukisimama kando ya barabara ile unaelewa upesi kwamba katika hadithi ya mpita njia wewe ni sehemu ya mandhari. Waliomo garini si watu wabaya, wengi hupunga mkono. Janeway naye si mbaya. Ila kamera haishuki garini.

Mwaka uleule wa 1995 ilitoka riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya. Dzombo naye anatupwa angani, tena kwa hukumu ya kifo. Akitua anakaa, anauliza, anafundishwa na wenyeji, na jina la mahali penyewe ni "wale ni sisi". Kifani, lazima tuseme, Walenisi inachosha: wahusika wanahutubia mno, na ucheshi wa Voyager ungeifaa sana. Lakini Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alijua kwamba anayetupwa mbali ana la kujifunza kwa waliompokea.

Voyager ilijua hivyo mara moja tu, katika "Living Witness" ya 1998. Nakala ya daktari wa chombo inaamshwa baada ya miaka 700 ndani ya jumba la makumbusho la Wakyria, ambako Janeway anakumbukwa kama muuaji. Janeway wa kweli haonekani kabisa; tunayemwona ni yule wa kumbukumbu za wenyeji. Daktari anabishana nao, kisha anabaki miaka mingi akiwatibu. Ndiyo sehemu bora ya tamthilia nzima, na sioni ajabu.

Kuhusu mwisho, "Endgame" ya 2001, sina mengi. Baada ya miaka 7 ya kuingoja Dunia, tunaoneshwa chombo kikiikaribia, majina ya waigizaji yanapanda, basi. Hata kwao hatukuwaona wakishuka.