Kila Badiliko na Jina Lake

Ukurasa wa malipo uliojengwa kwa pupa huwa na vigeu vitatu vya ndiyo na hapana: inatuma, imefaulu, imekwama. Vitatu tu, lakini vinazaa michanganyiko 8, na yenye maana ni 4. Iliyobaki ni upuuzi mtupu: malipo yamefaulu na kukwama papo hapo, na kiduara cha kusubiri bado kinazunguka. Mteja hajui kama fedha zake zimekwenda, basi anabonyeza tena.

Ridyusa inalimaliza hilo kwa adabu ninayoipenda sana. Ni fanksheni inayopokea hali iliyopo na tukio lililotokea, ikarudisha hali mpya. Haiiti seva, haitazami saa, haichezi bahati nasibu, wala haiichokoi hali ya zamani. Ukurasa wetu sasa una hali moja yenye jina lake, na tukio la kulipa likija wakati malipo yanatumwa, hali inarudi ileile. Seva nayo ijilinde kivyake, lakini skrini imeacha kusema uongo.

Lugha ya Elm ya Evan Czaplicki ilitangulia kuonyesha uzuri huu. Kisha Julai 2015, jijini Paris, Dan Abramov aliionyesha Redux, maktaba ya ridyusa aliyoiunda pamoja na Andrew Clark, akairudisha programu nyuma hatua kwa hatua na kuisogeza mbele tena. Hapakuwa na muujiza: kila badiliko lilikuwa limeandikwa kama tukio, na matukio yaleyale, kwa mpangilio uleule, huzaa hali ileile. Tangu toleo la 16.8 la Februari 2019, React yenyewe, maktaba ya kujengea kurasa kama huu wetu, inayo zana yake ya ridyusa, useReducer.

Menyu ya kufunguka na kufungika haihitaji haya yote. Kuibebesha ridyusa ni kuionea. Ufundi wenyewe unaonekana mambo yanapokuwa mengi, na kwangu mimi unaonekana zaidi katika kuyataja matukio. Anayeandika "weka kosa" ameiamuru programu tu. Anayeandika "benki imekataa malipo" ameeleza kilichotokea, na ridyusa ndiyo itakayoamua kiwe na maana gani. Orodha ya majina ya namna hiyo anaweza kuisoma hata mhudumu wa wateja asiyejua msimbo, akamwambia mteja kwa uhakika malipo yake yalisimama wapi.