Mguu wa Kipini

Kuanzia Lamu hadi Unguja, mwanamke akivaa kipini watu hutazama kichwa chake: kijiwe chekundu, ua dogo la dhahabu, au kidoti tu kinachometa anapogeuza uso. Mimi huutazama mguu. Ule ujiti mwembamba unaopita tunduni na kulala ndani ya pua, ambao hata mvaaji hauoni, ndio unaoniambia kama kipini kimetoka mikononi mwa fundi. Kichwa hupamba uso; mguu hukaa mwilini usiku na mchana, kwa miaka.

Mtazame sonara anavyoutengeneza. Huanza na waya wa dhahabu, akaupitisha kwenye bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo, akiuvuta kwa koleo tundu moja baada ya jingine. Dhahabu ikivutwa hukakamaa. Asipoipa moto ikalainika, itakatika. Unene ukifikia milimita moja hivi, au pungufu kidogo, huukata, akalehemu kichwa. Hapo ndipo inapoanza kazi ambayo wanunuzi wengi hawaijui: tupa, msasa laini, msasa laini zaidi, na kung'arisha. Mwisho huupitisha mguu kwenye pamba. Unyuzi mmoja tu ukinasa, anarudi kwenye msasa, kwa kuwa kinachonasa pamba kitakwaruza nyama. Subira hiyo naiheshimu mno.

Dhahabu tupu, ya karati 24, ni laini kupita kiasi kwa kazi hii: hupinda, hukwaruzika, na uchafu hujificha kwenye mikwaruzo. Chaguo langu ni karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000. Hizo 250 zilizobaki uliza ni kitu gani. Nikeli, ambayo huchanganywa katika baadhi ya dhahabu nyeupe, huwasha na kuvimbisha ngozi za watu wengi. Na kipini kilichopakwa maji ya dhahabu kiache hapo hapo dukani. Maji yakishatoka, unabaki na madini usiyoyajua ndani ya pua yako.

Tundu likiwa bado bichi, anza na kipini cha titani ya aina inayotumiwa na madaktari kuungia mifupa, chenye mguu ulionyooka na kisahani bapa kwa ndani, mrefu kidogo maana pua itavimba. Kipete kisubiri. Kila unaponawa uso huzunguka na kukwangua kidonda, na tundu la pua huchukua miezi 4 hadi 6 kupona, pengine zaidi. Likishapona, nenda kwa sonara. Mguu uliokunjwa pembe mwishoni ni rahisi kuuvua. Uliopindwa mviringo hushika vizuri zaidi kwa anayelala kifudifudi.

Kuhusu kichwa sina mengi, uso ni wako. Ila kijiwe kidogo kilichokaa sawasawa hunipendeza kuliko kikubwa kinachoinamisha pua.

Kipini hakina gramu nyingi za dhahabu, lakini hula muda wa fundi kama pambo kubwa. Ndiyo maana sonara hutaja bei ya dhahabu kwa gramu, kisha akataja ufundi peke yake. Ukifika kwake, mwombe akigeuze kipini uuone mguu, upitishe kidole taratibu. Kikiteleza bila kukwama, mlipe ufundi wake wote, usimwombe apunguze.